Kadeti na sajenti wa miaka 19 kazini: nani anampigia mwenzake saluti?

#1 MtuWaKahawaWest
Wadau, habari za jioni. Nisaidieni na hili maana limeleta kununiana nyumbani.

Jumapili tulikuwa kwa nyanya, Kayole, ukoo wote. Mjomba wangu ni sajenti jeshini, mwaka huu anafunga miaka 19. Ndugu yangu mdogo ni kadeti, mwaka wa pili chuo cha kijeshi cha Lanet, alikuwa amekuja likizo. Chakula kilipoiva mjomba akamwambia, "Wewe kadeti, hebu lete maji tunawe." Dogo akacheka, akasema, "Mjomba, kwa taratibu za jeshi mimi niko upande wa maafisa. Sajenti hamtumi afisa." Nadhani alikuwa anatania. Mjomba hakucheka. Akamtazama kutoka kwa nywele mpaka viatu, akauliza, "Afisa wa wapi? Nyota yako iko wapi nikaione?"

Basi nyumba ikagawanyika. Shangazi huku, babangu kule, na mimi katikati na sahani yangu.

Mimi ni muuza vipuri Kirinyaga Road, hata kwata sijui. Ninachouliza ni cheo tu, mambo ya ujomba tuyaweke kando. Kati ya kadeti na sajenti, mkubwa ni nani? Mimi naegemea kwa dogo: kama anasomea uafisa, si tayari amehesabiwa huko?

#2 Sufuria_Tupu
Kabla hatujafika mbali: maji yaliletwa ama mlikula na mikono ya matatu?

#3 MtuWaKahawaWest
@Sufuria_Tupu aliyaleta nyanya mwenyewe. Ndiyo sababu watu walinuna.

#4 Wakili_wa_Umoja
Mleta uzi, hapo umeteleza. Uafisa hauji kwa kuusomea, unakuja kwa kamisheni. Na kamisheni inatoka kwa Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu, ndiyo maana lile gwaride la kufuzu Lanet huwa ni sherehe ya taifa. Kabla ya siku hiyo ndugu yako yuko chini ya Sheria ya KDF (Majeshi ya Ulinzi ya Kenya) ya 2012 kama mwanajeshi mwingine yeyote, lakini hana wa kumwamuru, labda kadeti wenzake siku akipewa zamu ya kuwaongoza. Sajenti tepe zake tatu tayari ni zake.

Halafu kichwa cha uzi wako kina kosa. Sajenti hapigiwi saluti. Hata RSM, yaani sajenti mkuu wa kikosi, ambaye akikohoa kambi nzima inanyooka, hapigiwi. Saluti ni ya kamisheni, na kati ya hao wawili hakuna aliye nayo. Kwa hivyo jibu lako ni: hakuna. Wote wawili mikono chini.

#5 Kijana_wa_Boma
Wakili pole pole. Marekani, kwenye mpangilio wa vyeo vya jeshi lao la nchi kavu, kadeti wa West Point, chuo chao cha maafisa, anawekwa juu ya masajenti wote na chini ya maafisa. Dogo hakutoa maneno hewani. Kuna jeshi kubwa duniani linalokubaliana naye.

#6 Wakili_wa_Umoja
Juu kwenye karatasi. Huyo kadeti wa West Point amwendee sajenti mwenye miaka kumi na tano amwambie "fyeka hii nyasi", halafu aje atuambie karatasi ilimsaidia vipi.

#7 Sufuria_Tupu
Kayole na West Point ni matatu namba ngapi?

#8 Tepe_Tatu
Sikutaka kuandika, lakini mmevuka bahari kutafuta jibu lililoko hapa Kahawa Barracks.

Nilivua kombati nikiwa sinia sajenti, baada ya miaka 21. Sheria namwachia Wakili. Mimi nasema niliyoyaona.

Platuni ni watu kama thelathini. Ina seksheni tatu, kila seksheni na koplo wake. Juu yao luteni, na pembeni ya luteni sajenti wa platuni. Anayeamuru ni luteni. Sajenti ndiye anayejua ni nani buti imetoboka, ni nani alipigiwa simu na mkewe usiku akaamka macho mekundu, ni nani anasema chupa yake imejaa na ukiitikisa inalia. Luteni asipokuwepo, sajenti anashika platuni yote. Sasa hapo kadeti mtamweka wapi? Hana shimo lake. Akija kwetu kwa mazoezi anapewa kiti cha luteni cha kuazima, na mpaka mpishi anajua ni cha kuazima.

Mwaka mmoja, kambi siitaji, tuliletewa kadeti. Kijana mzuri, mwepesi, ramani anaisoma kuliko mimi. Siku ya pili akamwambia koplo wangu mmoja, hamisheni hema hili mlipeleke kule chini penye kivuli. Huyo koplo alikuwa na miaka kumi na moja kazini. Hakukataa. Alisema "Ndio," kisha akageuza shingo akanitazama mimi. Nami nikatazama mlima. Maana kule chini penye kivuli ndiko maji ya mvua hupitia, na kila mtu wa platuni alijua, isipokuwa yeye.

Hema likahamishwa. Saa tisa usiku mbingu zikafunguka. Mimi ndiye niliyekuwa naokota blanketi za watu na tochi mdomoni.

Asubuhi kadeti akanifuata. Hakuomba msamaha. Aliniuliza, "Sajenti, ulijua?" Nikamwambia nilijua. "Mbona hukuniambia?" Nikamjibu, "Hukuniuliza." Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Watu walilowa.

#9 FundiMjengo
Hii ni mjengo kabisa. Injinia anayejifunza anakuja na kofia mpya inang'aa, fomeni yuko hapo tangu wakati wa Kibaki. Kijana anasema ondoa mbao za slabu leo. Fomeni anasema sawa. Halafu hakuna fundi anayesogea. Wote wanatafuta nyundo.

#10 SistaWaWodi
Tepe_Tatu, shikamoo, lakini wewe ulikosea. Naomba nikwambie bila kukuficha.

Nimekuwa muuguzi miaka 16. Hospitali sitaitaja. Usiku mmoja daktari intani, hata mwezi hajamaliza wodini, aliandika dawa ya mtoto. Nikaitazama, nikaona nukta imekaa pasipo pake. Yeye ndiye daktari, sahihi ni yake. Mimi ningeweza kutazama mlima kama wewe. Nikamwambia, "Daktari, hebu tuhesabu pamoja, uzito wa mtoto ni kilo ngapi?" Tukahesabu. Alipofika mwisho akanyamaza, akakata ile karatasi, akaandika nyingine. Hakuna mama wa mgonjwa aliyejua kitu.

Sikumwambia "umekosea". Ningemwambia hivyo mbele ya watu, kesho yake angeogopa kuniuliza lolote, na hapo ndipo mtoto wa watu angeumia. Hema likilowa linaanikwa.

#11 Sufuria_Tupu
Leo Sista amempiga sajenti kwata.

#12 Koplo_Hewa
Mnamlaumu sajenti bure. Mwenye makosa ni koplo. Yeye ndiye aliyeambiwa. Mdomo anao. Kugeuza shingo ni kumsukumia mwingine mzigo.

#13 Karao_Mstaarabu
Sisi wa polisi tunalo letu, na nadhani ni gumu kuliko la jeshi. Ukisoma Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, vyeo vinashuka: inspekta, chini yake sinia sajenti, kisha sajenti, koplo, konstebo. Baina ya inspekta na sinia sajenti hakuna ngazi iliyoandikwa kadeti. Lakini ukweli ni kwamba kuna vijana wa chuo kikuu wanaingia kama kadeti inspekta, wanapita mafunzoni, na siku wakifika stesheni wanamkuta sinia sajenti ambaye amefungua OB (kitabu cha matukio) nyingi kuliko miaka yao ya kuzaliwa.

Nilimwona mmoja, stesheni siisemi. Alifika Jumatatu, kaunda suti imepigwa pasi mpaka inakata. Akamwambia sinia sajenti, "Afande, nionyeshe ofisi yangu." Mzee akamwonyesha benchi la nje, lile wanalokaa watu wa kuandikisha vitambulisho vilivyopotea. Akamwambia, "Kaa hapa wiki moja uwasikilize hawa. Ofisi haitahama." Kijana alikaa. Leo ni mkubwa, na akija upande huu bado anamtafuta yule mzee, ambaye alishastaafu anafuga kuku.

#14 Kijana_wa_Boma
Hiyo ya benchi ni tamu, lakini mbona kila hadithi hapa kijana ndiye mjinga na mzee ndiye mwerevu? Hakuna sajenti mzembe nchi hii? Hakuna anayelala kwenye gadi?

#15 Tepe_Tatu
Wapo. Tena wengi. Nilikuwa na mmoja ambaye hesabu ya risasi ilikuwa ikimshinda kila Ijumaa.

#16 Babu_wa_Jericho
Vijana, hili neno ni kubwa kuliko maji ya kunawa. Limeshawahi kutikisa serikali.

Januari 1964 majeshi matatu ya Afrika Mashariki yaliasi ndani ya wiki moja. Tanganyika tarehe 20, Uganda 23, na hapa kwetu Lanet tarehe 25. Watu husema ni mishahara, na kweli ilikuwa mishahara. Lakini pia ilikuwa hili hili mnalolibishania. Kulikuwa na watu waliotumikia KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni) miaka na miaka, wengine walifika Burma, na uhuru umekuja lakini anayewaamuru bado ni Mwingereza. Na Mwafrika aliyekuwa akiandaliwa kushika nafasi hiyo ni kijana wa shule anayepelekwa Uingereza, Mons kule Aldershot, kozi ya miezi, anarudi na nyota. Mwenye tepe amebaki na tepe. Pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, walioongoza maasi walikuwa masajenti. Si kurutu, wala si maafisa.

Na hata 1982, aliyetaka kuchukua nchi alikuwa sajenti Ochuka.

#17 Mpenda_Tarehe
Babu heshima zako, ila marekebisho mawili. Lanet ilikuwa tarehe 24, siku nne baada ya Dar. Na Hezekiah Ochuka hakuwa sajenti. Alikuwa sinia praiveti wa jeshi la anga. Sajenti alikuwa Pancras Oteyo Okumu, yule waliyetoroka naye kwa ndege hadi Tanzania.

Na hapo ndipo pananishangaza. Agosti mosi 1982 praiveti ndiye mwenyekiti wa waasi na sajenti yuko nyuma yake. Kwa hivyo ukiuliza cheo ni nini, siku hiyo tepe tatu zilimfuata mtu asiye na hata moja.

#18 Babu_wa_Jericho
Asante kwa marekebisho. Macho yamechoka, lakini Agosti ile naikumbuka. Tulilala chini ya kitanda watu sita.

#19 Muuza_Ploti_Juja
Kwa maafisa na masajenti wote: ploti 50 kwa 100 Juja Farm, hatimiliki tayari, lipa polepole.

#20 Sufuria_Tupu
Huyu angepatikana kwenye ile mvua ya Tepe_Tatu angewauzia mkondo wa maji.

#21 Mpenda_Tarehe
Kuna jambo Babu ameliruka. Waingereza wenyewe waliliona tatizo hili, wakabuni cheo cha effendi katika KAR miaka ya 1950. Kilikuwa cha Waafrika waliopanda kutoka chini, juu ya masajenti lakini chini ya maafisa wenye kamisheni. Idi Amin alipata ueffendi mwaka 1959, na 1961 akapewa kamisheni. Jenerali Jackson Mulinge wetu naye alianza askari wa kawaida wa KAR, akapita kwenye ueffendi, mpaka akaja kuwa Mkuu wa Majeshi. Kwa hivyo ile habari ya "sajenti ni sajenti, afisa ni afisa" haikuwa ukuta siku zote. Ilikuwa na ngazi katikati, kisha ngazi ikaondolewa.

Na neno lenyewe ndilo hili hili "afande" mnalotumia kila siku. Lilitoka kwa Waturuki, likapita Misri, likaletwa huku na askari wa Kisudani.

#22 Koplo_Hewa
Kwa hivyo karao akinisimamisha Thika Road nikimwita afande namwita kwa Kituruki?

#23 Karao_Mstaarabu
Ukinipa leseni nitakubali lugha yoyote.

#24 Nyota_Mpya
Nimesoma uzi wote, na naona kadeti hana wa kumsemea. Wacha nijaribu. Nilipita huko si zamani, na niko wapi sasa hivi si la muhimu.

Watu wanafikiri kadeti ana kiburi. Kadeti hajui asimame wapi, ndio shida yake. Sajenti anayekufundisha anakuita "bwana" huku ukitambaa kwenye matope. "Bwana, shusha tumbo. Bwana, hilo tumbo bado naliona." Kuna mzaha wa zamani unaotoka Sandhurst, chuo cha maafisa cha Uingereza, sajenti anamwambia kadeti: nitakuita bwana nawe utaniita bwana, tofauti ni kwamba wewe utakuwa unamaanisha. Huo mzaha ulisafiri. Sasa wewe unaitwa bwana mchana kutwa na mtu anayeweza kukurudisha kukimbia kilomita nane kwa sababu kifungo kimelegea. Kichwani kunakuwa na fujo. Ukifika nyumbani likizo, hujui kama wewe ni bwana wa kweli ama wa matope. Yule dogo aliongea kutoka hapo, kwenye fujo.

Na jambo lingine. Siku niliyovaa nyota, yule yule aliyenitambaza alinipigia saluti ya kwanza. Alipiga kama radi. Nilirudisha mkono ukitetemeka. Sikujiona mkubwa hata kidogo.

#25 SistaWaWodi
@Nyota_Mpya umenigusa. Pole kwa matope.

#26 Wakili_wa_Umoja
Sawa, lakini hadithi yako inathibitisha hoja yangu. Saluti ilikuja siku ya nyota, haikuja kabla.

#27 ShangaziRongai
Mnajizungusha sana. Kadeti ni mchumba. Posa imepelekwa, mbuzi wamehesabiwa, lakini harusi bado. Ukimwita mke wa mtu umekosea, ukimwita msichana tu pia umekosea. Na mama mkwe ndiye sajenti: leo anakufundisha jikoni, kesho nyumba ni yako, lakini sufuria zote bado anajua zilipo.

#28 Kijana_wa_Boma
Shangazi hapo umemaliza uzi.

#29 Wakili_wa_Umoja
Hajamaliza. Mchumba anaweza kukataa. Kadeti akikataa ni gadirumu, selo ya kambi.

#30 ShangaziRongai
Hujawahi kuolewa wewe.

#31 Tepe_Tatu
Narudi kwa Sista, maana nimelala nikiwaza maneno yake.

Umesema kweli kuhusu kuhesabu pamoja. Lakini elewa kitu kimoja. Wodini mgonjwa ni wa wote wawili. Kule kwetu, siku ile, ningesema neno mbele ya platuni, kijana angekuwa amekufa machoni pa watu thelathini. Ningemvuta kando, koplo angeona, na wanajeshi wanaona kila kitu. Nilidhani namwachia heshima yake. Sasa nikipiga hesabu vizuri, labda nilikuwa nalinda yangu. Nilitaka hema limwambie nilichokuwa naona aibu kumwambia: kwamba bila mimi hawezi.

Miaka kadhaa baadaye nilikutana naye, amekuwa kapteni. Tulikunywa chai. Hatukutaja mvua.

#32 Koplo_Hewa
Bado nasema ni koplo.

#33 Mpenda_Tarehe
Swali kwa wanaojua: kadeti anakula mesi gani? Maana mesi ya masajenti haimkaribishi, na ya maafisa bado hajaingia.

#34 Nyota_Mpya
Ya makadeti. Na chakula unakimaliza kabla hujakionja.

#35 Karao_Mstaarabu
Mimi sijabadilika msimamo. Hata baada ya nyota, miaka miwili ya kwanza mwenye kazi ni sajenti. Nyota ni ya kuwajibika, mambo yakiharibika ndiye anaitwa. Kujua ni kwa tepe.

#36 Kijana_wa_Boma
Basi kwa nini wasimpe sajenti nyota wamalize?

#37 Babu_wa_Jericho
Hilo swali liliulizwa mwaka 1964.

#38 MtuWaKahawaWest
Wadau, asanteni. Nilimpigia mjomba jana usiku, nikamsomea vipande vya uzi huu. Ile ya hema alicheka mpaka akakata simu. Akapiga tena.

Akaniambia jambo ambalo hata mamangu hakulijua. Alipokuwa koplo aliwahi kuomba kwenda kadeti kutoka ndani ya jeshi. Alirudi shule jioni kwa ajili hiyo, akakaa mtihani tena na watoto wa Form Four. Majibu yalipotoka umri ulikuwa umempita kwa miezi. Ile fomu anayo mpaka leo, iko kwenye sanduku na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Akasema, "Yule mtoto aliposema niko upande wa maafisa, mimi sikusikia maji. Nilisikia fomu."

Dogo sijamwambia. Sijui kama ni langu kusema.

#39 SistaWaWodi
Usiseme. Mwache mjomba amwambie mwenyewe.

#40 Wakili_wa_Umoja
Mimi ningesema. Dogo akijua ataomba msamaha vizuri.

#41 MtuWaKahawaWest
Kuna jingine. Likizo imeisha, dogo anarudi kesho asubuhi. Mjomba amesema yeye ndiye atamsindikiza mpaka steji ya Nakuru, Nyamakima, na nyanya naye anataka kwenda. Dogo ana lile sanduku la chuma, zito kama injini ya Canter. Mnaonaje, nani atalibeba?

#42 Tepe_Tatu
Kadeti. Sanduku hubebwa na mwenyewe.

#43 Nyota_Mpya
Sajenti. Atalichukua mlangoni kabla dogo hajafunga kamba za viatu. Nawajua.

#44 Koplo_Hewa
Wangekuwa na koplo.

#45 Sufuria_Tupu
Nyanya.